Mtoto mwenye mtindio wa ubongo darasani: tuanze na kiti, kalamu itafuata

TibaKazi_Moro (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa walimu, wazazi na mafundi. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo (ubongo uliumia mapema, mwili ukawa haumtii) akifika shule, swali la kwanza huwa "ataandikaje?" Hilo ni la baadaye. Mtoto anayeteleza kwenye benchi anamalizia nguvu zake zote kuuzuia mwili usianguke. Mikono imeng'ang'ania ukingo wa dawati, shingo imekakamaa, macho yako darini. Hapo hana mkono wa kuandikia wala jicho la kusomea. Mkalishe sawasawa kwanza, ndipo utajua anaweza nini.

Kukaa sawasawa maana yake ni mikunjo mitatu ya pembe mraba (nyuzi 90): nyonga, goti na kifundo cha mguu. Makalio yamegusa mgongo wa kiti, nyayo zimekanyaga kitu kigumu. Miguu inayoning'inia ndiyo kosa ninaloliona kuliko yote, na watu hulichukulia kama jambo dogo. Mguu usipopata pa kukanyaga, mapaja yanasukuma mbele na mtoto anateremka.

Vipimo unavichukua mtoto akiwa amekaa kwenye stuli au ubao mgumu, mtu mmoja amemshika kwa nyuma. Usipime juu ya kitanda, godoro litakudanganya. Chukua hivi:

Nyuma ya makalio hadi kikunjo cha goti. Toa sm 2 hadi 3, hicho ndicho kina cha kiti.
Kikunjo cha goti hadi kisigino, pamoja na kiatu kama anavaa.
Upana wa nyonga, ongeza sm 2 tu.
Kutoka kalio hadi begani, na kutoka kalio hadi kwapani.
Kutoka kalio hadi kiwiko, mkono ukiwa umekunjwa. Hiki kinatoa kimo cha meza.

Pima miguu yote miwili. Ikitofautiana kwa zaidi ya sm 1, usitengeneze kitu, mpeleke kwanza akaangaliwe nyonga. Huenda mfupa umeanza kutoka kwenye kikombe chake.

Fundi_Sele

Asante mkuu. Kwa upande wa seremala: kina cha kiti ndicho wateja wanachokosea. Wanaleta mtoto wa miaka mitano wanataka kiti "atakachokulia". Kiti kikiwa kirefu kuliko paja, ukingo unamsukuma nyuma ya goti, naye anakimbiza makalio mbele ili apate nafuu. Umelipia mbao kumfundisha mtoto kuteleza.

Kama unataka kiti kidumu, weka mto wa sponji ngumu wa sm 3 nyuma ya mgongo wake. Akikua unautoa, umepata sm 3 bila kukata mbao. Na chini ya miguu weka vibao vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, unapunguza kimoja kimoja.

Swali langu: plaiwudi imepanda bei. Hivyo viti vya maboksi vinavyosifiwa vinabeba kweli?

TibaKazi_Moro

Vinabeba, Fundi. Ufundi huo wa karatasi na gundi ya unga ulikuzwa Zimbabwe na mwalimu mmoja, Bevill Packer, ukasambaa Afrika nzima. Siri iko kwenye tabaka na kukauka.

Gundi: kikombe 1 cha unga wa ngano uliochekechwa, koroga na kikombe 1 cha maji baridi mpaka mabonge yaishe. Mimina kwenye vikombe 4 vya maji yanayochemka, koroga bila kuacha dakika 2 au 3 hadi iwe kama uji mzito wa mtoto. Unga wa muhogo nao unafaa. Isilale zaidi ya siku mbili, inachacha.

Boksi: tumia yale yenye mawimbi ndani. Ubao wa kukalia unataka tabaka 8, unapata unene wa karibu sm 3. Tabaka ya kwanza mawimbi yaende urefu, ya pili yaende upana, endelea kupishana hivyo. Ukiyapanga yote upande mmoja, ubao utakunjika katikati kama daftari. Paka gundi nyembamba pande zote mbili, bandika, funika kwa ubao, pandisha matofali, uache usiku kucha. Bila uzito unajipinda.

Kisha jua. Siku 3 ni chache, masika inaweza kufika wiki na zaidi. Usiulaze chini, uinue juu ya mawe hewa ipite. Kujua kama umekauka, uguse kwa shavu: ukiona ubaridi, bado una maji ndani. Halafu ugonge kwa kidole, mkavu unalia kama mbao, mbichi unalia bubu.

Ukishaunganisha, funika kote kwa vipande vya gazeti tabaka 2, kingo zipate 3. Vipande *vichanwe* kwa mkono, visikatwe kwa mkasi. Ukingo uliochanwa una nyuzi, unalala bila kuacha ngazi. Mwisho vanishi au rangi ya mafuta mikono 2 au 3, chini kabisa bandika soli za ndala zilizochakaa ili kisinywe maji ya deki.

Kabla mtoto hajakaa, mtengenezaji akikanyage kwa miguu yote miwili. Kikilia, rudi jikoni ukapike gundi.

Mama_Wawili_KE

Kwetu Kenya wengi wanaharakisha kupaka rangi kabla ndani hakujakauka. Wiki tatu baadaye koga inatoka kwenye viungo na kiti kinanuka. Mtoto mwenye kifua kibovu hafai kukalia hicho.

Pia msiweke pilipili kwenye gundi kufukuza mende. Mtoto wa namna hii anapeleka mikono mdomoni, na mara nyingi analamba meza yake.

Mwl_Rehema

Tuongelee mikanda, maana huko ndiko kwenye hatari. Mashuleni mtoto anafungwa kwa khanga kifuani, fundo nyuma ya kiti. Inaonekana kapata msaada, kumbe chini makalio yanaendelea kuteleza. Akishateleza, khanga inapanda kutoka kifuani hadi shingoni. Mtoto asiyeweza kujiinua wala kupiga kelele, mwalimu akiwa ubaoni amegeuka, hesabu mwenyewe.

Mkanda wa kwanza ni wa nyonga, siku zote. Upite kwenye mkunjo wa paja na kiuno, uvutwe chini na nyuma kwa pembe kama ya nyuzi 45 kuelekea kona ambapo ubao wa kukalia unakutana na mgongo. Ukipita tumboni haufanyi kazi na unambana akila. Upana sm 4 hadi 5, mkanda wa begi kuukuu la shule unatosha pamoja na bizimu lake. Fundo msifunge. Siku mtoto akipata degedege au moto ukitokea, bizimu linafunguka kwa kidole kimoja.

Kijana_wa_Tabora

Mwalimu, na wale wanaopishanisha miguu kama mkasi? Wenye kituo kimoja waliweka kigingi katikati ya mapaja, mtoto akawa analia kila akikalishwa.

Mwl_Rehema

Kigingi kiliwekwa karibu na kinena, ndiyo maana. Kinatakiwa kikae *kati ya magoti*, mwishoni mwa kiti, upana wa kutosha kuacha magoti usawa wa nyonga. Kazi yake ni kutenganisha. Kuzuia kuteleza si kazi yake, hiyo ni ya mkanda. Ukikitumia kama breki, mtoto anabebwa na sehemu zake za siri. Atalia, na ana haki.

TibaKazi_Moro

Naongezea: kabla ya kulaumu kiti, angalia unavyomkalisha. Mtoto aliyekakamaa akinyanyuliwa kwa makwapa, mwili wote unanyooka kama mwiko. Mkunje kwanza. Mkono mmoja chini ya magoti, mwingine mgongoni, magoti yaje kifuani, mshushe akiwa amejikunja, sukuma magoti taratibu hadi makalio yaguse nyuma, ndipo ufunge mkanda. Mfuatano huo ukivurugika, kiti kizuri kitaonekana kibovu.

Anayejisukuma nyuma mara kwa mara, inua ukingo wa mbele wa kiti kwa sm 2 hadi 3 ili nyonga zikunjike zaidi ya mraba. Kwa wengi huo mkunjo unavunja ule mkakamao. Mtoto mlegevu, anayemwagika kama unga, hataki hivyo. Yeye laza kiti chote nyuma kidogo, kama nyuzi 10 hadi 15, mpe meza yenye ukingo aegemeze mikono hadi viwikoni. Wakati wa kula mrudishe wima.

Kichwa msikifunge kamba kwenye paji la uso. Kikiinama, shida iko kiunoni mara tisa kati ya kumi, anzieni huko.

Bwana_Shamba

Samahani wakuu, si bora wapelekwe shule maalumu zenye vifaa? Mwalimu ana watoto 90, atakunja magoti ya nani?

Mwl_Rehema

Swali la haki, ila kiti hichohicho atakihitaji huko pia. Na shule maalumu nyingi ni za bweni, mbali na anayejua namna ya kumlisha. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania, Na. 9 ya mwaka 2010, imempa haki ya kusoma kwenye shule za kawaida. Kuhusu watoto 90: kumkalisha mara moja ni dakika 3. Kumwokota chini mara kumi kwa kipindi ni zaidi.

Ila asikae humo kutwa. Dakika 30 hadi 45, kisha abadilishwe: alale kifudifudi juu ya mto wenye mteremko, au asimamishwe. Ukimtoa, tazama ngozi ya makalio na mgongo. Wekundu usiopotea ndani ya nusu saa maana yake kiti kinamchoma mahali, kirekebishwe kabla hajakaa tena.

Mama_Wawili_KE

Uji wa saa nne jamani. Hapo ndipo watoto wanapata nimonia na watu wanasema ni baridi.

Mtoto analazwa mkononi, kichwa nyuma, uji unamiminwa. Kichwa kikiwa nyuma, njia ya hewa iko wazi na uji unaingia mapafuni. Mlisheni akiwa kwenye kiti, kidevu kimeshuka kidogo kuelekea kifuani. Wewe kaa mbele yake, macho yenu yalingane. Ukisimama atainua kichwa kukutazama, umeharibu. Kijiko kidogo, kijazwe nusu, kije kutoka chini, kibonyeze ulimi katikati kwa wepesi, subiri afunge mdomo, ndipo kitoke. Msikwangue kijiko kwenye meno ya juu. Kijiko cha chuma kwa mtoto anayeng'ata si kizuri, chukueni cha plastiki kisichovunjika.

Uzito: wengi wanadhani chepesi ndicho rahisi. Chepesi kinakimbia kabla koo halijajiandaa. Uji unaodondoka kijikoni kwa bonge taratibu ni salama kuliko unaotiririka. Maji ya kunywa mpeni kwa kikombe cha plastiki kilichokatwa nusu duara upande wa pua, anakunywa bila kuinua kichwa.

Dalili za kusimamisha: kukohoa kila mlo, sauti kuwa na majimaji baada ya kumeza, macho kutoa machozi, homa za kifua zinazorudi. Huyo aonwe hospitali kuhusu kumeza, asiendelee kulazimishwa. Akimaliza, abaki wima nusu saa.

Kijana_wa_Tabora

Na akipata degedege akiwa amefungwa kitini?

TibaKazi_Moro

Muache kitini, shikilia kichwa kisigonge, legeza chochote shingoni. Kama kuna chakula mdomoni, mwinamishe upande kitoke. Usitie kijiko wala kidole katikati ya meno. Tazama saa. Ikipita dakika 5, hospitali. Ikiisha, mtoe umlaze kwa ubavu. Dawa za kifafa hazikatizwi kwa sababu mtoto "amepoa mwezi mzima", kukatiza ghafla kunaleta degedege kubwa kuliko la mwanzo.

Silabi_Teacher

Sasa tumefika kwenye kalamu, na naomba kutangulia na jambo moja. Kutoongea si kutoelewa. Mtoto ambaye ubongo wake uliumizwa na ugonjwa mkali wa manjano siku za kwanza baada ya kuzaliwa, mikono inacheza yenyewe na maneno hayatoki, mara nyingi akili yake ni kali. Tatizo jingine la hao ni masikio. Apimwe usikivu kabla hamjaandika kwamba "hafundishiki".

Anzeni na ndiyo na hapana. Msiamue ninyi. Mtazameni ana mwendo gani anaoumudu kila mara: kutazama juu, kufumba macho, kunyoosha mguu. Huo ndio uwe ndiyo yake, na kila mwalimu anayeingia darasani aujue. Uandikwe kwenye karatasi na kubandikwa mgongoni mwa kiti.

Kisha ukishauliza, nyamaza. Hesabu kumi kimoyomoyo. Mwili wake unachukua muda kutii. Ukirudia swali sekunde ya tatu, umemwanzishia safari upya.

Kwa kusoma, Kiswahili kimetupa zawadi: silabi. Wenzetu wa lugha nyingine wanapanga ubao wa herufi moja moja. Sisi tunapanga safu za konsonanti na nguzo tano za a, e, i, o, u. Kila nguzo rangi yake. Mtoto anachagua safu kwanza (mwalimu anapitisha kidole, yeye anatoa ndiyo yake), kisha rangi. "Maji" ni silabi mbili badala ya herufi nne. Anzeni na safu 5 tu, m, b, k, t, l, zizoeleke, ndipo muongeze.

Kasoro mbili zinazojitokeza. Moja, watu wanasahau safu ya irabu tupu, halafu mtoto anataka kuandika "choo" anakwama kwenye "cho". Mbili, m na n zinazosimama peke yake. Bila kisanduku cha "m" hawezi kuandika "mtu" wala "mtoto", bila "n" hakuna "nchi". Wekeni pembeni. Kwa "mwalimu" kubalini m-wa-li-mu, msipoteze kipindi kutengeneza safu ya mwa.

Jaribio la kusoma nalo libadilike. Badala ya "soma neno hili", weka kadi mbili, kuku na kiko, umbali wa sm 30 hadi 40 kati yake, usawa wa macho, useme "tazama kuku". Rudia mara kadhaa ukibadilisha upande. Akipatia moja tu inaweza kuwa bahati.

Kwa mwenye mkono unaoshika: penseli ivingirishwe kipande cha tyubu ya baiskeli hadi inene kama kidole gumba chake. Karatasi ibandikwe kwa selotepu kona nne, kibao cha kuandikia kiinuke mbele kwa mteremko. Mkono usioandika ushike kijiti kilichosimamishwa mezani, hapo bega linatulia na ule mwingine unapunguza kucheza.

Mwl_Rehema

Na mtihani. Baraza la Mitihani la Tanzania huwaongezea watahiniwa wenye mahitaji maalumu dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati na dakika 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine. Haya hayaombwi asubuhi ya mtihani. Hali ya mtoto inaingizwa wakati wa usajili, kwa hiyo mwalimu mkuu ajue mapema. Na mtoto asizione dakika hizo kwa mara ya kwanza siku hiyo, majaribio yote ya shule yafuate muda huohuo.

Mama_Wawili_KE

Kwa Wakenya, anzeni na kituo cha EARC (kituo cha tathmini na nyenzo za elimu) kilicho karibu, vipo tangu 1984 na ndivyo vinavyopima na kuelekeza mtoto asome wapi. Bebeni kadi ya kliniki.

Fundi_Sele

Nimepata kazi, naomba mnihakikishie kabla sijakata. Mtoto darasa la pili. Kalio hadi goti sm 31, miguu yote sawa. Goti hadi kisigino 27. Nyonga 24. Kalio hadi bega 36, hadi kwapa 28. Kiwiko 15. Amekakamaa, kichwa anakishika. Dawati la darasani lina kimo cha sm 60 na mwalimu anataka akae palepale na wenzake.

TibaKazi_Moro

Vizuri, hapo dawati ndilo linaloamua. Uso wa meza uwe usawa wa kiwiko, kwa hiyo 60 kutoa 15, anakalia sm 45 kutoka sakafuni. Kina 31 kutoa 2.5, ni 28.5. Upana wa ndani 26. Mgongo usimame sm 36, kichwa anacho mwenyewe, usimzibe. Mbao za ubavuni ziishie 25 au 26, chini ya kwapa kwa upana wa vidole viwili, zikifika 28 atazining'inia.

Kigingi kati ya magoti. Ukingo wa mbele uinue sm 2, hiyo 45 uipime nyuma, kwenye makalio. Na panua tako la kiti chini, sm 45 ni juu, akijirusha kisipinduke.

Fundi_Sele

Basi pa kukanyagia, 45 ongeza ile 2 ya mbele ni 47, kutoa 27, inabaki 20?

TibaKazi_Moro

Hiyo 27 ilipimwa na kiatu au peku?

Fundi_Sele

Peku. Viatu vyake vya shule soli ni sm 2.

TibaKazi_Moro

Basi kata 18, na kibao cha sm 2 cha kuweka juu siku akija peku.